Tone Lisilozama

Hapana, jana sikuwa nimelala ulipouliza lile swali. Nilijifanya nasinzia. Kuchoka nilikuwa nimechoka kweli, miguu ilivimba tangu mchana, lakini masikio yalikuwa macho na nilikusikia vizuri ukisema, "Mama, kwani ungejua, ungenitoa ile damu?" Ukasubiri kidogo. Halafu ukanifunika khanga mabegani, ukaenda kulala bila kurudia swali. Ile khanga ilinielemea kuliko gunia la mpunga.

Sasa hivi umekwenda kuwaaga rafiki zako, jua linashuka, na Fundi yuko uani anaziba pancha ya baiskeli ya mteja huku anapiga mluzi. Nakujibu kwa karatasi, Kabula mwanangu, kwa sababu kwa mdomo nitaanza kulia, nawe utanibembeleza, na swali litaisha bila jibu. Ndivyo tulivyo sisi wawili. Wewe hunibembeleza haraka mno.

Mambo ya sanduku, ya kufua na ya kuamka mapema sitayaandika. Kesho utalala Nyasubi, pale Kahama, kwa shangazi yako, naye atakuambia yote, na atakayosahau atakukimbizia stendi asubuhi kabla basi la Shinyanga la kukupeleka chuoni halijaondoka. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni refu.

Nilifika hospitali hii nikiwa mjane mwenye cheti cha kidato cha nne na mtoto wa miaka sita anayevuta sketi yangu. Walinipa kazi ya kuosha chupa maabara. Bwana Masanja, mtaalamu wa maabara, ndiye aliyenifundisha mengine yote: kupaka damu kwenye kioo, kutafuta malaria, kupanga makundi ya damu. Ulikua ukifanyia masomo yako kwenye kile kibenchi cha wagonjwa, na kila mtu alikuita mtoto wa maabara. Nilijivuna. Sikuwa na mume, sikuwa na ng'ombe, lakini nilikuwa na koti jeupe, na wanakijiji wenzangu wa Mhunze walipopita huku kutafuta dhahabu walikwenda kusimulia nyumbani kwamba nimekuwa daktari. Sikuwasahihisha.

Unajua jinsi mambo yalivyo pale kwetu. Hatuna akiba ya damu kwenye jokofu. Damu yetu inatembea kwa miguu mjini. Akija mgonjwa ndipo tunaitafuta. Ndugu wakikosekana, au wakikimbia, tunaita wale wachache tunaowajua. Na kabla mtu hajatolewa, tunamtoboa kidole, tunadondosha tone moja kwenye maji ya mrututu, yale ya buluu. Tone likizama upesi, ana damu ya kutosha kumgawia mwingine. Likielea, anarudi nyumbani. Ni kazi ya dakika moja.

Mwaka juzi vitu vilipoadimika, mganga mkuu alituita ofisini kwake. Alikuwa amechoka kuliko sisi sote.

"Mrututu hautufikishi mwisho wa mwezi," alisema. "Vipimo vya UKIMWI navyo tunavihesabu kama mayai ya kuazima. Niambieni nipunguze wapi."

Mimi nikanyoosha mkono. Nakumbuka hata furaha niliyokuwa nayo, kama mwanafunzi anayejua jibu.

"Daktari, tusimpime kila mtu kwa mrututu. Mwenye mwili wake anajulikana. Tuangalie viganja na kope; mwenye shaka tu ndiye apimwe. Ng'ombe mnono huonekana kwa macho."

"Mama Kabula," Masanja akasema polepole, "ng'ombe mnono huonekana na mchinjaji. Huyu wa kwetu tunataka arudi malishoni."

Wakacheka. Mganga mkuu naye akacheka, lakini aliliandika pendekezo langu, na mwezi ule chupa ikatosha na kubaki. Akanisifu mbele ya wauguzi. Nilirudi nyumbani nikakupikia wali siku ya kawaida, nawe ukaniuliza tuna mgeni gani.

Masanja hakuninunia. Ila siku moja tukiwa tunasafisha vioo aliniambia jambo ambalo nililisikia kwa sikio moja. Alisema, "Hata huo mrututu hausemi kila kitu. Damu ni ugali ulio mezani. Madini ya chuma ndiyo nafaka iliyohifadhiwa kwenye kihenge. Unaweza kumkuta mtu ugali wake uko mezani unatoa moshi, kumbe ndio wa mwisho, kihenge kimebaki vumbi. Ukimega ule, kesho hana cha kusonga."

"Sasa kihenge tunakipimaje?" nikamwuliza.

"Kuna kipimo, nimesoma. Kiko kwenye hospitali kubwa za mbali. Kwa bei yake, sisi tungefunga wodi ya watoto ndipo tukinunue."

"Basi kama hatuwezi kukipima, cha kusumbukia nini?"

Akaendelea kufuta kioo. Mimi niliona nimemshinda kwa hoja. Kumbe alikuwa amenyamaza tu, kama watu wa kwetu wanavyonyamaza wakimwona mtu anakwenda na njia isiyo na daraja. Wanajua atarudi mwenyewe.

Ulipotimiza miaka kumi na minane nilikupima kundi, ukawa O. Nilifurahi kama umefaulu mtihani. Mimi ni kundi A na niliwahi kuugua manjano, kwa hiyo damu yangu hawaitaki. Nikaona Mungu amenipa wewe uitoe kwa niaba yangu. Mara ya kwanza ulimtolea mke wa mwalimu wenu, aliyejifungua akavuja karibu afe. Ulitoka pale umeinua kidole chenye pamba, unatabasamu, na yule mwalimu akakupigia magoti kama unavyowapigia wewe wakubwa. Sikukupima. Kwa nini nikupime? Nilikuzaa mwenyewe. Nilijua umekula nini asubuhi.

Mara ya pili ni yule mchimbaji wa Rwamgasa. Wenzake sita walimleta kwenye machela ya magunia, vumbi jekundu hadi kwenye nyusi. Duara, lile shimo la dhahabu, lilikuwa limemporomokea mguuni. Nikawauliza ni nani atakayemtolea mwenzao damu, wakaanza kutazamana.

"Si yupo Shija," mmoja akasema. "Jana alituambia ana damu ya simba."

"Simba hachomwi sindano," Shija akajibu.

"Mwacheni Shija, kwake itatoka pombe tupu. Mgonjwa ataimba wodini."

Walicheka, na mwenzao pale chini anazidi kupauka. Nilijua wanachokiogopa. Watu wanaoshuka shimoni kwa kamba bila kujua kama watapanda hawakuweza kusimama mbele ya kipimo cha UKIMWI. Masanja angekaa nao. Angemchukua mmoja pembeni, amsalimie, amwulize habari za kwao, amwambie majibu ni siri yake. Inachukua nusu saa na mate mengi, lakini mwisho mmoja au wawili hukunja shati. Siku hiyo Masanja alikuwa safari, nami nilikuwa nimesimama tangu alfajiri. Nikamtuma mhudumu shuleni akuite. Ulikuja ukiwa umevaa sare, ukakaa, ukanyoosha mkono kabla sijasema. Ilinichukua muda mfupi kuliko kumbembeleza Shija.

Baada ya hapo ukaanza kubadilika. Ulilala na daftari usoni. Ukipanda kile kimlima cha kanisani unasimama mara mbili. Nilisema umekuwa mvivu. Nilisema kwa sauti ili na majirani wasikie, kwa sababu mama akilea peke yake hutaka ijulikane kwamba hadekezi. Kisha nikafungua mkoba wako wa shule kutafuta kalamu, nikakuta vipande vya udongo, ule wa kula unaouzwa sokoni kwenye vifungu.

Nitayaandika maneno niliyokuambia, ingawa unayajua, maana sijawahi kuyakiri. Sikukuuliza unaumwa nini. Nilikuuliza, "Una miezi mingapi?"

Ukasema, "Mama?"

"Usiniite mama kwanza. Msichana anayetafuna udongo namjua. Ni nani?"

Nawe ukalia bila sauti, ukasema hakuna mtu, unautamani tu, hata mchele mbichi unautamani. Sikukuamini. Nilikuburuta hadi chumba cha wazazi kwa rafiki yangu mkunga, nikasimama nje ya pazia kama askari. Alikupapasa tumbo, akatoka, akaniambia, "Mama Kabula, humu hakuna mtu. Kuna njaa ya kitu, lakini mtu hakuna. Kwa nini usimwambie Masanja amwangalie damu?"

Nilisikia maneno yale ya kwanza tu. Hakuna mtu. Nilifurahi mno. Ungefukuzwa shule, Kabula, unajua walivyofanya kwa wenzako. Nilikununulia soda ya baridi pale dukani kwa Mhindi, nikajiona mama mwema, na yale maneno ya mwisho ya mkunga yakapita. Mimi ninayefanya kazi maabara. Udongo ule ulikuwa unapiga kelele mbele yangu, na nikiuona kwa mjamzito kliniki ninajua mara moja anapungukiwa na nini. Kwako wewe niliona mimba tu, na mimba ilipokosekana, sikuona kitu.

Sasa nifike kwenye mara ya tatu, ambayo ndiyo uliyoiulizia.

Kwanza nikuambie habari za Fundi, na usinicheke. Najua bado unamwita Fundi, naye hajali, anasema baiskeli ndivyo zinavyomwita. Mwanangu, mimi sikutegemea. Nilidhani moyo nao hustaafu. Ana miaka arobaini na sita, mikono ina grisi isiyotoka hata kwa mafuta ya taa, na alipokuja mara ya kwanza kunitengenezea mnyororo alikataa malipo, akasema atapita tena kesho kuhakikisha. Alipita kesho. Alipita siku kumi na moja kuhakikisha mnyororo mmoja. Nilianza kuijua kengele yake tangu ikiwa kule kwenye mashine ya kusaga. Nikiisikia, naacha darubini nakimbilia dirishani. Usiku nilikuwa nalala nikitabasamu peke yangu kama kichaa. Na hata sasa, miezi miwili tangu tufunge ndoa, ananichemshia maji ya kuoga alfajiri, ananibeba nyuma ya baiskeli hadi getini, na akinishusha ananisawazisha kola ya koti mbele ya wagonjwa wote. Naona haya, na nikifika ndani natamani jioni ifike upesi. Nilichoka miaka kumi na miwili, Kabula. Bado nimechoka, uchovu haujanitoka mwilini, lakini sasa kuna mtu anayeniuliza umechoka wapi.

Nakuambia haya yote kwa sababu yamo ndani ya jibu. Siku ile walipomleta mtoto wa miaka miwili, malaria imemnyonya hadi ulimi ni mweupe, Fundi alikuwa ameahidi kuja saa tisa tukachague kitambaa cha harusi. Nilikuwa natazama barabara. Baba wa yule mtoto alikuwa pale kwenye benchi. Nililifungua daftari nikaliona jina lake: kundi O, aliwahi kutoa mwaka uliotangulia, hana ugonjwa. Mwanaume wa haja.

"Baba, mwanao anahitaji damu yako," nilimwambia.

"Dada, tumbo linanisumbua leo."

Nilimwuliza mara moja. Sikumwuliza mara ya pili. Sikumwambia tumbo halihusiki, sikumshika mkono nikampeleka kitandani akamwone mwanawe. Nilikutumia ujumbe nyumbani. Ulikuja unahema, nikadhani umekimbia. Sikukupima kwa mrututu. Hata kwenye mizani sikukupandisha. Nilinakili uzito ulioandikwa mara ya kwanza, kilo hamsini na mbili, na ulikuwa umebaki nusu ya sketi yako. Ulinyoosha mkono. Ukaniambia, "Mama, nenda, Fundi amefika, nasikia kengele."

Kwa hiyo jibu ni hili. Ningejua, nisingekutoa. Lakini sikutaka kujua, kwa sababu kujua kungekuwa na kazi nyingi. Ungepimwa, tone lingeelea, na mimi ningelazimika kumrudia yule baba na tumbo lake, nizozane naye, nichelewe saa tisa. Wewe ulikuwa rahisi. Miongoni mwa watu wote wa mji huu wenye damu ya kundi O, wewe ndiye uliyekuwa rahisi kuliko wote. Hukudai kitu, hukuuliza kitu, ulikuwa karibu. Nilikutumia kama chumvi ya jikoni.

Yule mtoto alipona, nashukuru, na simchukii baba yake. Wewe ulifika bombani jioni ile, ukajitwisha ndoo, ukaanguka nayo. Ile alama ya kwenye nyusi zako ndiyo hiyo. Na aliyekuokota ni Fundi, akakuleta umelala kwenye keria, yeye anatembea pembeni anakushikilia kwa mkono mmoja na usukani kwa mwingine. Aliponiona akasema, "Mama Kabula, mimi ni mtu wa spoku, sijui damu. Lakini huyu mtoto viganja vyake ni kama sembe. Hamkumwangalia?"

Masanja ndiye aliyekutoboa kidole. Akaniita. "Njoo uangalie mwenyewe," akasema, "nisije nikakusimulia." Tone lako lilianguka ndani ya ile buluu, likashuka kidogo, likasita, likapanda juu. Likabaki pale linazunguka. Nimeona matone mengi yakielea, ya watu wenye safura, ya wanawake waliozaa mfululizo. Lako sikuweza kulitazama hadi mwisho.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwa mganga mkuu na daftari la watoaji damu kwapani. Nilikuwa nimekaa nalo jioni tatu. Wanaotoa mara moja na kupotea hawakuwa na shida kubwa. Wenye shida walikuwa wale wema, wale tunaowaita kila mara kwa sababu hawakatai. Mwalimu wa dini: aliacha kuja, anasema kizunguzungu. Yule mama wa mgahawa: siku moja tulimkatalia kwa sababu kope zilikuwa nyeupe kabisa, akarudi nyumbani akilia kwamba hatumtaki tena. Nilimwambia mganga mkuu, "Tuliokoa chupa ya mrututu, tukawamaliza watu wenyewe. Sasa chupa ipo, wa kupimwa hayupo."

Akajishika paji la uso. "Unataka nini, Mama Kabula? Nipime kila kidole? Niwape vidonge vya kuongeza damu watu wenye afya, wakati wajawazito wangu wanapungukiwa? Tangu nimefika hapa hatujakaa kikao cha kumjadili anayetoa. Vipimo vyote tunavyohangaikia ni kwa ajili ya anayepokea."

"Ndiyo hicho kilichonileta," nilisema.

Masanja aliingilia, na safari hii nilimsikiliza kwa masikio yote mawili. Alisema kipimo cha kihenge hatukiwezi na tusijidanganye. Lakini swali halinunuliwi dukani. Tumwulize kila mtu: ulitoa lini mara ya mwisho, hedhi yako ni nzito, unatafuna udongo? Mrututu urudi kwa kila mmoja, maana mtu anayepotea ni ghali kuliko tone. Na wale wanaorudi mara kwa mara, hasa wasichana, wapewe pakiti ya vidonge hata kama tone limezama, kwa sababu tone halijui kihenge. Ni pakiti chache, si watu wengi. Wanaobaki bila vidonge, tuwasubirishe miezi zaidi, na katika hiyo miezi sisi tukawabembeleze akina Shija.

Mganga mkuu hakukubali yote. Vidonge alitoa nusu ya tulivyoomba, na mwezi huu havikuja kabisa. Sijui kama hesabu yetu ni sahihi. Labda mahali fulani mjamzito mmoja amekosa kwa sababu yetu. Nimechoka kujidai najua jibu kabla sijaulizwa mara mbili. Lakini maswali tunauliza. Juzi mchimbaji mmoja aliniambia, "Mama, maswali yako ni mengi kuliko ya posa." Nikamwambia akijibu vizuri nitamwoa. Akaketi, akakunja shati.

Kabula, leo mchana nilipokuwa naweka gauni lako la buluu kwenye sanduku, pakiti yako ya vidonge ilidondoka. Imejaa karibu yote. Sikuja kukugombeza, na usikimbilie kuniomba radhi, nakujua. Najua vinakufunga choo na vinakuletea kichefuchefu. Najua pia kwamba wiki iliyopita tone lako lilizama, na ulifurahi, ukadhani umepona. Lilizama, ndiyo. Lilizama polepole kama mtu asiyetaka kwenda shule. Ugali upo mezani. Masanja anasema kihenge bado, na kwamba miezi mitatu mingine ndiyo ingekijaza. Nadhani uliacha kimya kimya kwa sababu hukutaka kuniambia vinakuumiza, kwa kuwa mimi ndiye niliyevileta.

Masanja ananiambia pia kwamba chuoni wanafunzi wapya huombwa damu mapema. Ni vijana, wako karibu na wodi, wana moyo. Siku moja atakuja muuguzi mkubwa mlangoni kwenu, atasema kuna mama anavuja, ni nani kundi O. Nami ninakuona. Ninauona mkono wako unavyonyooka kabla hajamaliza kusema. Hilo ndilo linalonikosesha raha, wala si basi, si chakula cha bweni, si wavulana. Hapa nyumbani mtu pekee aliyepaswa kusema "subiri, apimwe kwanza" alikuwa mimi, nami nilikuwa natazama barabara. Huko hatakuwepo hata mmoja.

Sikukatazi kutoa damu. Yule mke wa mwalimu anaishi, na mtoto wake anatembea. Nampita kila Jumapili. Ninachokuomba ni kigumu zaidi kwako. Piga goti kama ulivyofundishwa, sema shikamoo, halafu sema, "Naomba nipimwe kwanza. Niliwahi kuishiwa damu." Watakununia labda. Labda watasema msichana wa Kisukuma ana kiburi. Na kama mrututu haupo, sema huwezi. Wataenda kumbembeleza mwingine, itawachukua nusu saa, na watachoka. Waache wachoke. Mimi nilipokataa kuchoka nusu saa, wewe ulilipa miezi mitano.

Fundi amechungulia dirishani sasa hivi.

"Mke wangu, hiyo ni barua au kitabu?"

"Barua."

"Basi mwambie na mimi nipo."

"Nimwambie upo tu?"

Akafikiri, ameshika tairi. "Mwambie vile vidonge avimeze na uji, asivimeze tumbo tupu. Shangazi yangu alifanya hivyo. Na mwambie ile siku ya bombani alikuwa mwepesi mno. Mtu mzima hapaswi kuwa mwepesi vile kwenye keria."

Akaenda.

Tumepanga naye. Nitakuja kabla mwezi haujaisha. Nimeshaomba ruhusa ya siku tatu na mganga mkuu ameweka sahihi bila kuuliza. Fundi atanisindikiza hadi Kahama, nami nitapanda la Shinyanga asubuhi yake. Nikifika usinipikie, usinifulie, usinipishe kitanda. Nitakaa pale nitakapokaa, nitakuomba kitu ambacho huna nguvu ya kukifanya saa hiyo, hata kama ni kunichotea maji tu, na ninataka kukusikia ukiniambia mimi mama yako, kwa adabu zako zote, "Mama, leo siwezi." Ukilisema hilo nitalala usingizi wa kweli huko kwenu. Kabla mwezi haujaisha, ng'wanone, mwanangu. Ninakuja kulisikia.